Bei Haisikiki

Kuna imani moja kuhusu hedifoni ambayo imeota mizizi. Nimeisikia kwa wanafunzi wa chuo, kwa madereva wa bodaboda, kwa wahasibu maofisini, na hata kwa watangazaji wa redio ambao sauti ndiyo kazi yao. Imani yenyewe ni kwamba sauti nzuri ni ya wenye fedha. Kizuri kina jina kubwa na bei kubwa, na asiye na uwezo amebakiwa na njia mbili: asubiri punguzo la jina hilo, au anunue kopi yake. Ukibisha, unajibiwa kwamba rahisi ni ghali, na mazungumzo yanaishia hapo.

Napinga imani hii yote, kuanzia mwanzo wake hadi ushauri unaotokana nayo. Ni ya uongo, na inawaumiza zaidi watu ambao shilingi yao ni ya kuhesabu. Ukweli ni kwamba hakuna wakati ambapo mtu wa kipato cha kawaida ameweza kupata sauti safi kwa fedha ndogo kama sasa. Fursa ipo. Tunaipita kila siku kwa sababu tumefundishwa kusoma nembo kabla ya kusikiliza.

Tuanze na bei yenyewe. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha, katika jarida la jumuiya ya wanasayansi wa sauti ya Marekani, matokeo ya vipimo vya hedifoni 283. Alikuwa anatafuta uhusiano kati ya bei ya dukani na namna hedifoni inavyotoa sauti, yaani inavyogawa besi, sauti za kati na sauti za juu. Uhusiano huo hakuupata. Ukipewa vipimo vile bila majina wala bei, huwezi kukisia ipi iliuzwa ghali na ipi iliuzwa rahisi. Narudia jambo hili kila ninapobishana, maana mgawanyo huo wa sauti ndio jambo kubwa kuliko yote katika kuamua kama masikio yako yatafurahi au yatachoka.

Basi fedha inakwenda wapi? Sehemu kubwa inakwenda kwenye jina. Kampuni ya Beats ilianzishwa na Dr. Dre na Jimmy Iovine mwaka 2006, na mwaka 2014 Apple ikainunua kwa dola bilioni 3. Kilichonunuliwa pale kilikuwa pamoja na mvuto wa jina na ile herufi nyekundu iliyokuwa masikioni mwa wanamichezo na wasanii. Mnunuzi wa kawaida ndiye anayelipia mvuto huo, kidogo kidogo, kila kisanduku kinapotoka dukani.

Sehemu nyingine inakwenda kwenye uwezo wa kuondoa waya na kuzima kelele. Hapa niwe mkweli: kuzima kelele ni ufundi halisi na una gharama halali. Vipaza sauti vidogo vinasikiliza ngurumo ya nje, chipu inatengeneza sauti iliyo kinyume chake, na ngurumo inapungua kabla haijafika kwenye ngoma ya sikio. Anayefanya kazi karibu na jenereta, au anayesafiri kwa ndege mara kwa mara, akilipia uwezo huo hajapoteza. Lakini ajue anacholipia. Analipia utulivu, na utulivu hauongezi hata chembe ya uzuri katika muziki uliorekodiwa.

Na hata huko kwenye utulivu, mnunuzi mwerevu hakimbilii toleo la mwaka huu. Sony walitoa WH-1000XM4 mwaka 2020 kwa dola 349.99. Mei 2022 wakaja na XM5 kwa dola 399.99, na toleo hilo jipya, la bei kubwa zaidi, halikuweza kukunjwa kama lile la zamani, hivyo mkoba wake ukawa mkubwa kuliko wa mtangulizi wake. Mwaka 2025 ikaja XM6 kwa dola 449.99, na bawaba ya kukunja ikarudi. Muda wote huo XM4 ilikuwa inaendelea kushuka bei, ikiwa na chaji ya saa 30 na uwezo wa kuzima kelele ambao wengi wetu hatutaumaliza. Toleo linapopitwa, masikio hayajui kwamba limepitwa. Ukitaka punguzo la maana kwenye majina makubwa, liko pale, kwenye toleo lililotangulia la mtengenezaji makini, wiki chache baada ya mrithi wake kutangazwa.

Punguzo la bango jekundu ni jambo jingine. Asilimia 60 ya nini? Bei ya zamani iliyokatwa mstari imeandikwa na muuzaji yuleyule aliyeandika bei mpya, na mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kuilipa. Kila Novemba inapofika, watu wananunua asilimia badala ya kununua kifaa. Tafuta bei ya bidhaa hiyohiyo katika maduka mengine matatu siku hiyohiyo, na bango litakuonyesha thamani yake halisi.

Lakini ushahidi mkubwa dhidi ya imani hii uko kwenye waya. Koss Porta Pro ilitoka mwaka 1984, na bado inatengenezwa kwa umbo lilelile na kuuzwa kwa bei ambayo haifiki hata robo ya hizo nilizotaja. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991, na hadi leo utaikuta masikioni mwa mafundi mitambo katika studio na vituo vya redio duniani, ikiwa na waya wake uliojiviringa, kwa takriban dola 100. Watu wanaopata riziki kwa kusikia makosa ya sauti wamebaki na kifaa cha miaka zaidi ya thelathini. Kama bei na upya ndio ubora, mafundi hao wangekuwa wameshakitupa.

Ukishuka chini zaidi, ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Mwaka 2022 kampuni za China zilitoa iafoni za waya kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero kwa takriban dola 20. Zinatoa sauti iliyopangika, safi, ambayo miaka kumi nyuma ungeitafuta kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Hili halikutokea kwa bahati. Watafiti wa kampuni ya Harman wakiongozwa na Sean Olive walitumia miaka kadhaa kuwapa watu wengi hedifoni wazisikilize, kisha wakachora mstari unaoonyesha mgawanyo wa sauti ambao wasikilizaji wengi wanaupenda. Matokeo walianza kuyachapisha zaidi ya miaka kumi iliyopita. Yakishachapishwa, kiwanda chochote chenye kifaa cha kupimia kinaweza kuyalenga. Spika ndogo ya kukaa sikioni haina malighafi ya ajabu. Kilichokuwa ghali kilikuwa ujuzi wa kuipanga, na ujuzi huo sasa umetapakaa.

Ninajua jibu la haraka: waya umepitwa na wakati. Apple ndio waliotusaidia kuamini hivyo. Septemba 2016 walitangaza iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, na siku ileile wakatangaza AirPods. Wengine wakafuata njia hiyo. Lakini tazama simu za watu walio wengi hapa kwetu, hizi za Tecno, Infinix na itel za bei ya chini na ya kati. Nyingi bado zina tundu. Mwenye simu ya bei nafuu ana mlango wa sauti nzuri ambao mwenye simu ya mamilioni amezibiwa, naye anauacha wazi bila kuutumia, anakwenda kutafuta vya bila waya ili afanane na mwenye mamilioni. Hili linanikera kuliko yote. Tunashindana kuiga hasara ya wenzetu.

Kuiga huko ndiko kunakotupeleka kwenye kopi. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue kule Nairobi. Kisanduku cheupe kinashushwa kutoka kwenye rafu na kijana anakwambia kwa moyo mmoja, "Bosi wangu, hii ni kopi, lakini kopi daraja la kwanza. Fungua uone." Unafungua kifuniko karibu na iPhone, na picha inajitokeza kwenye skrini vilevile kama ya AirPods orijino. Wengi hapo hutoa fedha. Picha ile imetokana na ujumbe mfupi wa Bluetooth uliopangwa kwenye chipu, na haisemi lolote kuhusu spika iliyo ndani. Tikisa kifuniko, utasikia bawaba inacheza. Pitisha ukucha kwenye mshono wa plastiki, utakwama. Kisha fanya jambo ambalo wateja karibu wote hawalifanyi: weka masikioni, usikilize wimbo unaoujua.

Mimi huchagua dansi la miaka ya 1970, Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Muziki ule umejengwa kwa magitaa yanayopishana. Solo linaimba, ridhimu linajibu bila kuchoka, besi linatembea chini, halafu mapulizo yanaingia kati. Kwenye iafoni ya kweli, hata ya bei ndogo, unaweza kulikamata gitaa la ridhimu ukalifuata peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Kwenye kopi, besi imevimba ikalifunika gitaa hilo, sauti ya mwimbaji imerudi nyuma kana kwamba yuko chumba cha pili, na kila herufi ya "s" inachoma. Ukimwambia muuzaji, anasema inapiga balaa. Ni kweli inapiga. Kuimba ndiko kulikoishinda.

Hapa watetezi wa kopi huwa na hoja yao nzito, na sitaidharau. Wanasema, si kila mtu ana fedha ya orijino, mwacheni maskini naye asikilize. Sawa, asikilize. Lakini kopi ya shilingi 30,000 za Tanzania hailinganishwi na AirPods za kweli, ambazo mnunuzi huyo hakuwa anazinunua hata hivyo. Inalinganishwa na kitu kingine cha shilingi 30,000. Na kwa fedha hiyo, au kwa kuongeza kidogo, anapata iafoni ya waya ya kampuni inayotumia jina lake yenyewe, au hata ya bila waya ya jina dogo kama Oraimo, ambalo limejengwa kwa ajili ya soko letu na linauzwa kwa jina lake. Kampuni inayoweka jina lake ina la kupoteza bidhaa ikiharibika. Aliyetengeneza kopi hana jina, hana anwani, na lawama yote inamwendea mwenye nembo aliyeibiwa. Mtu akinunua kopi tatu kwa zamu, moja ikizima sikio la kushoto, nyingine ikikataa chaji, ya tatu ikipotezana na simu kila hatua tano, ameshatoa shilingi 90,000, na bado hajawahi kusikia gitaa la ridhimu. Ile methali ya rahisi na ghali inamhusu yeye. Wanaoitumia dhidi ya hedifoni nafuu za kweli wanaielekeza kusiko.

Sheria nayo iko wazi. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, na Tume ya Ushindani ina kazi ya kuisimamia. Kenya imeunda mamlaka nzima ya kupambana na bidhaa bandia. Sitegemei msako peke yake utamaliza tatizo hili. Litapungua siku mnunuzi atakapoona aibu kuwa na nembo ya uongo sikioni kuliko anavyoona aibu kuwa na waya.

Kuna uongo mwingine unaosaidia kopi kuuzwa, nao ni kwamba sauti nzuri ni besi nyingi. Aliye na uzoefu atakwambia kwamba besi ni kitu cha kwanza ambacho kiwanda hafifu hukiongeza, kwa sababu besi huficha kasoro nyingine zote. Na wengi wanaolalamika kwamba iafoni zao hazina besi hawajui kwamba tatizo liko kwenye kile kimpira cha ncha. Iafoni ya kuingia sikioni inahitaji kuziba tundu la sikio pande zote. Hewa ikivuja, besi inakwenda nayo. Ndiyo maana kisanduku kinakuja na mipira ya saizi tatu, na ndiyo maana inasikitisha kuona ile miwili mingine inatupwa pamoja na karatasi. Jaribu yote. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi tofauti. Mpira ukikaa vizuri, besi inarudi, na kelele za daladala zinapungua bila chipu wala chaji.

Suala la kelele lina uzito kuliko starehe. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na linaonya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti ya juu. Ndani ya gari la abiria, konda anapiga kelele, injini inanguruma, spika ya dereva iko juu, na kijana mwenye kopi isiyoziba sikio anapandisha sauti hadi mwisho ili ashinde vyote hivyo. Anafanya hivyo asubuhi na jioni. Uwezo wa kusikia ukishapotea kwa njia hiyo haurudi. Kwa hiyo iafoni inayoziba sikio barabara na inayotoa sauti safi katika kiwango cha chini ni kinga ya afya, na bahati nzuri haina bei kubwa.

Niseme pia kuhusu vilivyotumika, maana Dubai na Uingereza zinatuletea vingi. Ushauri wangu ni mkali. Hedifoni kubwa ya waya iliyotumika, nunua bila hofu kama pande zote mbili zinalia sawa. Haina betri ya kuzeeka, sponji za masikio zinabadilishwa, na fundi yeyote mwenye chuma cha kuchomelea anaweza kurudishia waya uliokatika. Kubwa ya bila waya iliyotumika, nunua kwa tahadhari, ukiuliza umri wake na ukikaa nayo dukani muda wa kutosha kuona chaji inavyoshuka. Vidogo vya sikioni vya bila waya vilivyotumika, usinunue kamwe, hata vikiwa orijino. Ndani ya kila kimoja kuna betri ndogo sana ya lithiamu inayochoka kwa kila chaji, haikutengenezwa ifunguliwe na fundi wa mtaani, na aghalabu lile sikio ambalo mwenye nacho wa kwanza alikuwa anapigia simu hufa kabla ya mwenzake. Unanunua miezi iliyobaki bila kujua ni mingapi.

Pingamizi la mwisho ninalolisikia lina ukweli ndani yake: hizo iafoni nzuri za dola 20 hazipatikani kirahisi madukani kwetu. Ndiyo, nyingi bado zinaagizwa China, na kwenye bei utaongeza usafiri na kodi. Lakini tunaagiza nguo, mawigi, vipuri vya pikipiki na vyombo vya jikoni kwa njia hiyohiyo, kwa mawakala walewale wa mizigo. Watu watano wa ofisi moja wakiagiza pamoja, gharama ya usafiri inagawanyika na kila mmoja anapata chake kwa bei ambayo bado iko chini ya tarakimu za majina makubwa. Kwamba maduka yetu hayajajaza rafu kwa bidhaa hizo ni matokeo ya sisi kuulizia nembo. Mfanyabiashara analeta kinachoulizwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza nalipeleka kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Darajani, Luthuli na kwingineko. Toeni hedifoni moja ya kila aina nje ya kisanduku, wekeni pamba na spiriti ya kufutia pembeni, mteja asikilize kwa simu yake kabla hajalipa. Mnaruhusu watu wajaribu viatu na miwani, na masikio nayo yana haki hiyo. La pili ni kwako msomaji unayejiandaa kununua. Weka kwenye simu wimbo mmoja unaoujua kila kona, na sauti ya mtu anayezungumza. Sikiliza vyote viwili kwa sauti ya chini, maana kwa sauti ya juu kila kitu hudanganya. Dai risiti iliyoandikwa jina halisi la bidhaa na muda wa waranti. Na muuzaji akikukatalia kusikiliza, mshukuru, ondoka, uende duka linalofuata.